Haijasoma mama, weka tena

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nyumbani Mbinga, na sehemu kubwa ya likizo yangu imeishia kwenye kuzunguka ofisi za watu nikiwa na mama yangu mdogo na bahasha ya kaki. Sikukusudia kuliandika jambo hili. Lakini kila nilipolisimulia, iwe kijiweni au kwenye basi la Songea, alitokea mtu akasema “hata mimi”. Wasomi wanaliita wizi wa utambulisho. Kwetu watu wanasema tu, “wametumia jina langu.”

Kwa wasiopajua, Ukata ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, huko kwenye milima ya Wamatengo. Ndiyo, inaitwa Ukata, na najua mnachowaza. Nilipoanza kazi Dar nilikuwa nikisema natoka Ukata watu wanacheka, eti nani hatoki ukata mwisho wa mwezi. Kwa kweli si sehemu ya njaa. Kuna kahawa, kuna mahindi na maharage kwenye ngoro, na usipa kutoka Ziwa Nyasa unapanda mlimani kwenye magunia. Kinachopungua ni fedha taslimu, tena kwa miezi maalumu. Kahawa inavunwa kati ya mwaka na fedha yake inakuja baadaye, lakini mbolea, ada za shule na vibarua havisubiri. Kwa hiyo mkulima wa kahawa ni mtu wa mikopo, apende asipende. Swali ni anakopa kwa nani.

Mama mdogo ni mkulima wa hivyo. Ni mjane, ana kahawa yake, ni mwanachama wa AMCOS, na katika kikundi chao cha vikoba ndiye anayetunza ufunguo mmoja wa sanduku. Wanaovijua vikoba wanajua maana yake. Ufunguo hawapewi watu wenye maneno maneno.

Mapema mwaka 2024 aliamua kuomba mkopo benki, wa kwanza maishani mwake, anunue mbolea na mashine ya kumenyea kahawa badala ya kuazima ya jirani. Akajaza fomu, akapeleka barua ya mtendaji, picha, nakala ya kitambulisho cha taifa na uthibitisho wa AMCOS. Baada ya wiki mbili akaitwa. Afisa mikopo, kijana mpole kabisa kwa maelezo yake mwenyewe, akamwambia, “Mama yangu, mfumo unaonyesha una deni la mkopo wa simu hujalipa tangu 2022. Kalilipe kwanza.”

Mama mdogo akasema hajawahi kukopa kwenye simu. Kijana akamgeuzia kompyuta aone. Jina lake, majina matatu yote, na namba yake ya NIDA. Deni, pamoja na nyongeza zake, lilikuwa shilingi 212,000. Namba ya simu haikuwa yake.

Alinipigia jioni ile. Hakulia. Aliniambia tu, “Mwanangu, wewe unaandika magazetini, hebu niambie, mtu anaweza kuwa na deni bila kukopa?”

Basi nikaanza kuuliza, maana ndiyo kazi yenyewe.

Jibu la kwanza lilikuwa kwenye simu yake. Ukipiga *106# menyu inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ni bure. Tulipiga pamoja, yeye kule na mimi huku tukiongea kwa simu ya binti yake. Mama mdogo ana laini mbili. Orodha ilileta tano.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Usajili wa laini ulianza Julai 2009, enzi za karatasi, ambapo barua ya serikali ya mtaa au kadi ya kupigia kura ilitosha, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikaufanya kuwa lazima. Matapeli walizidi kutamba, kwa hiyo tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole, unaolinganisha kidole chako na kumbukumbu za NIDA. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mnaikumbuka Januari ile. Foleni za NIDA, watu wenye namba bila kadi, na kule vijijini mawakala wakija siku ya gulio na mwavuli, meza na kimashine kidogo cha kusoma kidole.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri na bado ni zuri. Kidole hakighushiwi kama barua ya mtendaji. Lakini fikiria kidole cha mkulima wa Ukata. Ameshika jembe tangu utotoni, amechimba ngoro, amechuma kahawa, amefua kwa sabuni ya mche. Mistari ya kidole imelika. Kimashine kinakataa kweli, mara moja, mara mbili. Kwa hiyo wakala anaposema “haijasoma mama, weka tena,” hakuna anayeshtuka. Ni jambo la kawaida. Kwa wasiosomeka kabisa kuna utaratibu wa kuulizwa maswali kuhusu taarifa zao, lakini foleni ikiwa ndefu nani anataka maswali?

Mama mdogo aliweka kidole mara nyingi siku ile. Hakumbuki ngapi. Anachokumbuka ni kwamba wakala alikuwa kijana mchangamfu, akamwita bibi, akamsaidia hata kuingiza laini kwenye simu. Kila kidole kilichosomwa kilikuwa kinaweza kufungua laini nyingine, kwenye mtandao mwingine, kwa jina lilelile. Laini tupu iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine ina soko. Kwa tapeli ni kama barakoa, anapiga na kutuma zile “ile pesa tuma kwenye namba hii”, na polisi wakifuatilia wanaishia mlangoni kwa mama wa watu Ukata. Ripoti za TCRA za kila robo mwaka huorodhesha majaribio ya ulaghai kwa mikoa, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikiongoza mara nyingi. Ruvuma haimo kwenye vinara. Ila laini iliyosajiliwa kwetu inaweza kupiga kutokea kokote.

Sasa mkopo ulitoka wapi? Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Mikopo hii ya simu haikuulizi dhamana. Inaangalia laini inavyotumika: imekaa muda gani, inaingiza na kutoa kiasi gani, ulikopa kidogo ukalipa? Kwa hiyo mwizi mwenye subira haibi siku ya kwanza. Anaitumia laini kama mtu mwema. Anakopa elfu kumi, analipa. Anakopa thelathini, analipa. Kikomo kinapanda. Kwa maneno mengine, kijana yule, au aliyeuziwa laini na kijana yule, alimjengea mama mdogo jina zuri kwa miezi mingi, halafu siku moja akachukua kikomo chote na kuitupa laini. Mimi namwonea hasira lakini siwezi kusema hakuwa na nidhamu.

Zamani ingeishia hapo. Mkopeshaji angepoteza fedha yake na mama mdogo asingejua kitu mpaka afe. Lakini tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 tuna mfumo wa taarifa za mikopo. Benki zinapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kuna kampuni zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazoziandaa kuwa ripoti. Ukiomba mkopo, benki inavuta ripoti yako kabla hata ya kuangalia shamba lako. Nauunga mkono mfumo huu. Kabla yake, asiyelipa alikuwa anahama benki kwenda benki, na riba tulilipishwa sisi wengine. Lakini ripoti inamtambua mtu kwa namba, na aliyeshika namba yako ndiye wewe mbele ya mfumo.

Na namba yenyewe tunaitunza vipi? NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Halafu ukipiga simu huduma kwa wateja, swali la kukutambua ni lipi? Tarehe ya kuzaliwa! Nakala za vitambulisho vyetu zimezagaa kwenye steshenari, kwenye mafaili ya vikundi, kwa wenye nyumba za kulala wageni. Mbinga mjini niliwahi kufungiwa maandazi kwenye karatasi yenye fomu ya mtu, picha juu, saini chini. Maandazi yalikuwa matamu, lakini nilimwonea huruma mwenye picha.

Tusiseme jambo hili limeletwa na simu. Wakulima wa Ruvuma wanalijua tangu enzi za vocha za pembejeo, mpango ulioanza msimu wa 2008/09. Mkulima alipewa vocha, anachangia sehemu ya bei, anasaini, anachukua mbegu na mbolea. Huku na huko saini ilichukuliwa na mbolea haikutoka dukani. Mkulima alipewa hela kidogo ya chumvi, na wakala akaenda kulipwa thamani ya mfuko mzima. Mwaka 2022 ruzuku ilirudi kwa mfumo wa kidijiti, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 70,000, kila mkulima akisajiliwa na kutumiwa namba yake kwenye simu. Ni bora mara kumi kuliko vocha. Lakini malalamiko yamesikika ya mtu kufika dukani na kuambiwa mbolea yako imeshachukuliwa. Unakuta alimpa mtu simu amsomee ujumbe.

Wala si kwetu tu. Kenya, Juni 2021, watu waliingia kwenye tovuti ya serikali wakakuta wamekuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Kulikuwa na makelele makubwa, na malalamiko yakapelekwa kwa kamishna wa ulinzi wa data. Marekani, ambako wizi huu ni wa kila siku, tangu Septemba 2018 mtu anaweza kufungia ripoti yake ya mikopo bila kulipa chochote, asiwepo wa kukopa kwa jina lake mpaka mwenyewe afungue. Ningependa sana kitu kama hicho kiwepo hapa, hasa kwa mtu kama mama mdogo anayekopa mara moja kwa msimu.

Haya, turudi kwenye bahasha ya kaki.

Kwanza ilikuwa polisi. Tulipata RB, ingawa askari alituuliza mara mbili kama tuna uhakika si mtoto wa nyumbani aliyekopa. Si swali baya, maana mara nyingi ndivyo ilivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na adhabu yake si ya mchezo: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Nilimsomea mama mdogo. Akasema miaka saba ni mingi, yeye anataka tu jina lake.

Pili, ofisi za mitandao mjini, kuzikana zile laini tatu. Kwa kuzikana anatakiwa aweke kidole. Wadau, mnajua kilichotokea. Kidole hakikusoma! Dada wa dirishani akampa kitambaa chenye maji, akapangusa, akajaribu kidole cha pili, cha tatu, na cha nne kikakubali. Mama mdogo alikuwa anahesabu kwa sauti, na kila mara anauliza, “Sasa hiki kimefanya nini?” Dada wa watu alimjibu kila mara bila kuchoka. Laini mbili zilifungwa siku ileile. Ya tatu ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilikumbuka kuwa Februari 2023 laini ambazo hazikuhakikiwa zilizimwa nchi nzima, huenda nayo ilikwenda na wimbi hilo. Lakini kuzimwa kwa laini hakufuti deni lililokopwa juu yake.

Tatu ni mkopeshaji, na hapa ndipo palipotuchosha. Simtaji jina, suala bado liko mezani. Kwa wiki kadhaa jibu lilikuwa moja: laini imesajiliwa kwa jina lako, kwa hiyo mkopo ni wako. Mmoja wao akashauri, kwa nia njema nafikiri, “Lipeni tu hiyo laki mbili yaishe.” Watu wa nyumbani nao wakasema hivyohivyo. Mama mdogo akakataa. Alisema akilipa, ndiyo amekubali alikopa, na kesho watakuja na lingine. Mimi nilikuwa nayumba, yeye hakuyumba.

Tulichofanya ni kuacha kupiga simu na kuanza kuandika. Barua yenye namba ya RB, nakala za uthibitisho wa kukana laini, na ombi la wazi: taarifa iliyopelekwa kwenye kanzidata isahihishwe. Nakala kwa kampuni ya taarifa za mikopo, maana una haki ya kuomba ripoti yako na kupinga kilichokosewa. Tukataja pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Sijui ni aya ipi iliyofanya kazi, ila baada ya barua ya pili lugha ilibadilika. Hadi deni linaondolewa ilikuwa imepita miezi mitano tangu siku ile ya benki.

Miezi mitano kwenye kahawa ni msimu mzima.

Ninyi mnaotoka Mbinga mnajua mtu akikosa benki anakwenda wapi. Anakwenda kwenye magoma. Mfanyabiashara anakuja na fedha mkononi, anakupa sasa hivi, na kahawa iliyoko mtini inakuwa yake kwa bei anayoipanga yeye. Serikali imeipiga vita biashara hiyo miaka nenda rudi, na ushirika unaikemea, lakini haiombi ripoti ya mikopo wala nakala ya NIDA. Mama mdogo alikuwa na mtoto wa sekondari na vibarua wa kupalilia. Aliuza sehemu ya kahawa yake mtini, kwa bei isiyofika nusu ya waliyokuja kulipwa wenzake waliopitisha kahawa ushirika. Na 2024, kama mlifuatilia, bei ya arabika duniani ilikuwa inapanda kila kukicha. Mwaka mbaya sana wa kuuza mapema.

Kwa hiyo deni la kubuni la shilingi 212,000 liliondoa mkopo wa benki, likaondoa mashine, likamsukuma kwa watu wa magoma. Aliyekuwa na ile laini pengine hajawahi kufika Ukata wala hajui kahawa inachumwaje.

Nilipokuwa kule, Jumapili moja baada ya ibada, mama mdogo aliwasimulia wenzake wa kikundi. Tukakaa kwenye nyasi, kila mwenye simu akapiga *106#. Menyu hubadilika, unafuata tu inavyokuelekeza. Baadhi walikuta laini wasizozijua. Mzee mmoja alikuta laini nyingi kuliko zote akasema kwa mzaha kwamba sasa ameelewa kwa nini hapati usingizi, anapokea simu za watu wengi. Wengine waliuliza kuhusu zile programu za mikopo zinazopiga kelele kwa ndugu na marafiki ukichelewa kulipa. Niliwaambia Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni, na kwamba programu inayoomba kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yako haitafuti urafiki. Namba ya tapeli unaituma kwenda 15040. Hilo wengi walilijua tayari kutoka redioni.

Kikundi kimeamua nakala za vitambulisho zisikae tena kwenye daftari la katibu bali sandukuni. Na nakala yoyote wanayotoa nje wanaikata mistari miwili na kuandika juu yake imetolewa kwa nani, kwa kazi gani na tarehe. Nilimwona mama mdogo akiandika yake kwa herufi kubwa: KWA AJILI YA MBOLEA TU.

Ripoti yake sasa ni safi, nimeiona kwa macho yangu. Benki imemwambia aombe upya msimu huu, na fomu ameshachukua. Kilichobaki ni kitu kimoja alichokidai mwenyewe kwenye barua ya mwisho: aambiwe ile fedha ilitolewa kwa wakala yupi, mji gani, siku gani. Polisi nao wanaihitaji taarifa hiyo. Tumeipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Nikipata jibu nitawajuza.